Gari la spoti ukiwa kijana au Corolla kwanza?

Haya, tuseme una miaka 23, una kazi na pesa kidogo imekaa benki. Mkono mmoja kuna Mazda MX-5, mkono mwingine Toyota Corolla used.

Kwa raha hakuna mjadala. MX-5 tangu itoke 1989 ni siti mbili tu, nyepesi, magurudumu ya nyuma ndo yanasukuma, kona unaisikia mpaka mgongoni. Na huu ndo umri wake jamani, huna watoto, hakuna wa kumpakia nyuma, sa ukisubiri mpaka 45 si utaingia humo ndani huku kiuno kinalia.

Ila shida sio kununua, shida ni kuitunza. Bima kwanza, kampuni nyingi zikiona dereva ana chini ya miaka 25 halafu gari la spoti zinapandisha bei vibaya mno, maana vijana ndo wanaopata sana ajali, so kabla hujalipia gari omba hesabu ya bima kwanza, usije ukashtuka. Matairi ya spoti mengi ni laini yanaisha haraka, nyuma ikiteleza kwenye mvua na hujazoea, mmh.

Corolla inaboa, sawa, lakini inabeba mizigo, spea kila kona, na ukiiuza hukosi mteja.

Mimi ningechukua Corolla miaka miwili, afu MX-5 ya mkononi kwa keshi. Kwa mkopo? Hapana aisee.