Uzoefu wangu na fimbo ya kupimia mwelekeo wa matairi kwenye tela la boti

Tairi la tela likiliwa upande mmoja, wengi hununua jipya na kuendelea na safari. Jipya nalo huliwa vilevile, kwa kuwa kosa halikuwa la tairi. Fimbo hii ya alumini inayorefushwa, yenye nguzo mbili na ncha mbili za kupimia, nimeitumia kwenye tela la ekseli moja na la ekseli mbili, na ninaikubali. Ila ina kazi moja tu: kuonyesha kama matairi mawili ya ekseli moja yanaelekeana kwa mbele au yanaachana, na kwa milimita ngapi.

Kwa hiyo, kabla ya kuitoa kwenye mfuko, hakikisha kesi yako ni yake. Pima kina cha mifereji ya kila tairi sehemu tatu, ndani, katikati na nje, kisha rudia mahali pengine pawili kwenye mzunguko. Kama katikati ndipo paliposagika, upepo umezidi. Kama ni kingo zote mbili, upepo ni mdogo au mzigo umepita uwezo wa tairi. Mabonde mabonde kuzunguka tairi humaanisha beringi iliyolegea au gurudumu lisilo na balansi. Kipara cha mahali pamoja tu ni alama ya breki iliyoganda, ugonjwa wa kawaida kwa tela linalozamishwa kwenye maji ya chumvi. Kwa yote hayo fimbo haina msaada.

Inapokuwa ukingo mmoja tu, na tofauti kati ya ndani na nje imefika milimita 1 au zaidi, pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, ukienda na kurudi. Mkono ukiteleza vizuri kuelekea ndani lakini ukakwaruzwa unaporudi nje, matairi yanaelekeana mno kwa mbele. Ikiwa ni kinyume chake, yanaachana. Ukingo ulioliwa lakini laini mkono unapoenda na unaporudi unaashiria gurudumu lililolala, yaani halisimami wima: ekseli imepinda kwa uzito, au shina la gurudumu (ncha ya ekseli inayolibeba) limepinda kwa kugonga kitu. Hapo chukua pima maji ya dijiti, uiweke wima kwenye rimu. Kipimo hiki cha kiganja ni cha bure, na nakiamini kuliko macho.

Sasa fimbo yenyewe. Kwanza inua kila gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, rekebisha beringi kwanza, maana kila namba utakayosoma itakuwa ya uongo. Kagua pia yu-bolti (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi), bushi za springi na shakeli (kiungo kinachoshika mwisho wa springi kwenye fremu). Gurudumu likiwa bado hewani, lizungushe huku umeshikilia chaki au msumari katikati ya tairi ili upate mstari mwembamba unaolizunguka. Usipime kutoka ukingo wa tairi wala rimu; rimu iliyopinda kidogo tu inatosha kukudanganya. Rudisha tela chini, boti likiwa juu na mafuta yakiwa kiasi unachosafiri nacho, kwani lita 200 za petroli ni takriban kilo 150 na ekseli hupinda chini ya uzito. Kisha livute mbele mita chache kwa mstari ulionyooka ili matairi yatulie. Usilirudishe nyuma hata kidogo.

Weka ncha kwenye mistari upande wa nyuma wa matairi, funga skrubu, telezesha fimbo hadi mbele kwa kimo kilekile, usome tofauti. Ninayoipigania ni kati ya sifuri na milimita 3 za kuelekeana. Msomaji anayedhani milimita 3 ni nyingi kupita kiasi au ni chache tu afanye hesabu hii: kwenye tairi la kipenyo cha milimita 650, kila kilomita matairi hayo mawili, kwa pamoja, huburuzwa kando karibu mita 4.6. Ikifika milimita 8, buruzo hilo ni zaidi ya mita 12, na mpira hauwezi kustahimili.

Udhaifu wa kwanza ni nguzo fupi. Chini ya tela la boti huwezi kupima kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu, kwani ekseli na kitako cha boti vinaziba njia. Fimbo yangu inasoma sentimita 15 kutoka ardhini, ambapo umbali kati ya mbele na nyuma ya tairi hilo la milimita 650 ni kama milimita 550 tu. Namba inayosomeka huwa ndogo kuliko ukweli, hivyo naizidisha kwa 1.2. Maelekezo ya kiwandani hayalitaji jambo hili, na hilo ni kosa kubwa kwa chombo cha usahihi.

Udhaifu wa pili: inatoa jumla, haisemi gurudumu lipi limepotoka. Ili kujua, pima kutoka fremu iliyonyooka hadi mstari uliouchora, mbele na nyuma ya kila tairi.

Haioni pia ekseli iliyokaa mshazari. Kwa ekseli moja hilo hulifanya tela litembee ubavu bila kula sana matairi, lakini kwa ekseli mbili zinabishana na matairi yote manne hulipa. Chukua futi ya chuma, pima kutoka kitovu cha kiungio cha mbele, kinachofungwa kwenye gari, hadi kila mwisho wa ekseli ya kwanza. Kulia na kushoto visipishane zaidi ya milimita 3. Kisha pima umbali kati ya ekseli mbili, kila upande.

Ikithibitika ekseli imepinda, usitafute bolti ya kurekebisha mwelekeo, maana ekseli nyingi za matela hazina. Inanyooshwa kwa mashine ya kukandamiza au inabadilishwa. Baada ya kazi, kaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, na uzikaze tena baada ya kilomita 80.