Seti ya biti za kung'olea skrubu: kifaa naweza kukisamehe, duka lile hapana

Si kawaida yangu kuandika maoni kuhusu vitu ninavyonunua, lakini hili limenikaa kooni tangu baada ya Idi. Nazungumzia zile seti ndogo za biti za kung'olea skrubu zilizoliwa kichwa. Zinakuja kwenye kiboksi cha plastiki. Biti upande mmoja inatoboa, upande wa pili ina meno yaliyopinda kushoto. Nilinunua yangu Kariakoo, kwenye maduka ya vifaa upande wa Gerezani, kwa ajili ya skrubu moja tu ya koki ya jikoni. Naipa alama mbili kati ya tano.

Koki ilikuwa inadondosha maji usiku kucha. Ugonjwa wenyewe ni wa kawaida, washa (kile kipete cha mpira kinachozuia maji ndani ya koki) imechoka, na kuibadilisha hakuhitaji elimu kubwa. Unafunga geti valvu, yaani ile koki kuu ya kuzuia maji, unabandua kile kifuniko kidogo chenye doti ya bluu, unafungua skrubu iliyo chini yake, mkono wa koki unatoka, unaingia ndani. Mimi nilikwama kwenye skrubu. Fundi aliyeifunga miaka ile aliikaza kwa bisibisi isiyo yake mpaka ule msalaba ukageuka shimo la duara. Halafu huku kwetu Kigamboni nyumba nyingi zimeishi kwa maji ya kisima, na ya kwetu yana chumvi. Skrubu ni ya chuma, imeingia kwenye shaba njano, katikati pamepita maji ya chumvi. Vyuma viwili vya namna hiyo vikikutana majini, kinacholika ni kile dhaifu, na hapo dhaifu ni chuma. Kutu inavimba ndani ya njia za skrubu na kila kitu kinaganda.

Hayo yote nilimweleza kijana wa dukani. Nasisitiza, nilimweleza, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yanasimama hapo. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Nikamwambia ni skrubu ya chuma ndani ya shaba, imeganda, na imezama ndani ya tundu la mkono wa koki. Nikamuuliza kama hizi biti zitaiweza. Akajibu bila hata kuitazama picha: "Hii inang'oa chochote." Kisha akanitazama mimi. "Lakini mama, hizi kazi za wanaume. Si umwite fundi?"

Nilinyamaza. Nikamwomba na bisibisi ya nyota ya aina ya Pozidriv, kwa sababu skrubu nyingine mbili nyumbani zina ile mistari minne midogo katikati ya mikono ya msalaba. Hiyo mistari ndiyo inayokuambia kwamba bisibisi ya kawaida ya Phillips haitakaa sawasawa humo. Itacheza, itaruka, na itatafuna kichwa. Ndivyo ilivyoharibika hii ya kwanza. Kijana akacheka, akamgeukia mwenzake kaunta ya pili, akasema kwa sauti ya kusikika: "Huyu mama anataka nyota maalumu." Halafu kwangu: "Mama, nyota ni nyota."

Nyota si nyota! Mtu anayeuza bisibisi kutwa nzima hajui hilo, na hataki kuambiwa na mwanamke.

Nililipa, nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi (alitaka kunipa kikaratasi cha mkono), nikapanda pantoni nikarudi nyumbani.

Sasa kifaa. Upande wa kutoboa ulifanya kazi. Unageuza drili izunguke kinyumenyume, mwendo wa taratibu, unakandamiza, na biti inachonga kishimo safi katikati ya kichwa kilichoharibika. Hapo nilifurahi kweli. Nikageuza upande wa meno, nikakandamiza, nikazungusha taratibu kama maelekezo yanavyosema. Meno yakashika. Skrubu haikusogea. Nikaongeza nguvu kidogo, na meno yakalala kama nta iliyoachwa juani. Skrubu ni nzima, biti ya kuing'oa ndiyo imelika! Nikajaribu ya saizi inayofuata, nayo ikawa vilevile. Chuma laini kabisa, kimepakwa rangi ya dhahabu ili kifanane na kigumu.

Kwa haki, nilikuja kuitumia ile iliyobaki kwenye skrubu ya bawaba ya mlango wa mbao, na ikatoka mara moja, bila shida. Kwa hiyo siwezi kusema seti nzima ni takataka. Kwa mbao inafaa. Kwa koki iliyoganda kwa chumvi, usijisumbue. Ndiyo maana nimesema mbili.

Lakini nilirudi dukani, na hapa ndipo ninaposhindwa kuwa na subira. Yule yule kijana alikuwepo. Nikaweka biti mbili kaunta, meno yamelala, na risiti pembeni. Hakuzigusa. Alinyoosha kidole ukutani, kwenye karatasi iliyoandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia, mdogo wangu, sikuja kwa sababu nimebadili mawazo, nimekuja kwa sababu kitu hakifanyi kazi uliyoniambia kitafanya. Akasema: "Nilikuambia umwite fundi." Watu walikuwa wamejaa dukani. Wengine walicheka.

Karatasi ya ukutani si sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokusudia, na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Na tuna Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Nilimtajia yote mawili. Akaniambia niende huko tume basi, na akaanza kumhudumia mtu aliyekuwa nyuma yangu. Alimwita "bosi". Alimtolea kiti.

Nafuta zile alama mbili. Ni moja.

Skrubu yenyewe ilitoka, na nataka wenye shida kama yangu wajue ilivyotoka, kwa sababu haikuhitaji kifaa chochote cha kung'olea. Jirani yetu ni mzee aliyestaafu kazi ya karakana. Nilimpa shikamoo, nikamweleza, akaitikia, akachukua tochi na kuchungulia ndani ya tundu kwa muda mrefu. Aliniuliza maswali. Aliuliza maji yetu ni ya kisima au ya bomba. Aliuliza nimepaka mafuta gani. Nikamwambia WD-40, tangu jana yake. "Vizuri, binti yangu," akasema, "sasa chemsha maji."

Tukafunga kitambaa kwenye mkono wa koki na kumimina maji yanayochemka, tukasubiri, tukamimina tena. Shaba njano inatanuka kwa joto karibu mara moja na nusu kuliko chuma, kwa hiyo tundu linapanuka zaidi ya skrubu iliyomo, na ile kutu iliyovishika inapasuka. Kisha akaweka tindo ndogo pembeni mwa kichwa cha skrubu, si katikati, akailaza kidogo, akagonga kwa nyundo nyepesi kuelekea kushoto. Aligonga polepole bila kukoma, wala hakutumia nguvu. Skrubu ikalia, ikasogea kiasi cha unywele. Akanipa nyundo mimi nimalizie.

Mkono wa koki ulipotoka nilipiga kigelegele pale pale jikoni, na yule mzee akacheka. Nikaweka washa mpya ya nusu inchi, nikanunua skrubu mpya kwenye kibanda cha hapa hapa mtaani, nikaipaka grisi kabla ya kuirudisha ili chumvi isipate njia, na nikaikaza kwa bisibisi inayolingana nayo. Haidondoshi tena hata tone.

Kwa hiyo, ukiwa na skrubu za mbao, inunue seti hii, lakini dai risiti na jaribu biti moja kwenye chuma hapo hapo dukani kabla ya kulipa. Ukiwa na koki, chemsha maji kwanza. Ile bisibisi ya mistari minne niliipata Temeke, kwa dada mmoja anayeuza vifaa barazani. Nilipoitaja tu, aliinama chini ya meza akaitoa, akaniuliza nataka namba moja au namba mbili.