TAHADHARI: fundi kanilia hela ya ovahoo (kufumua na kutengeneza injini nzima), injini kaweka beringi tu

Jamani naandika haya nina hasira na aibu, wiki nzima hata mke wangu sikumwambia.

Noah yangu ya injini ya 3S niliipeleka safari ya Morogoro. Ilirudi inagonga chini, taa ya oili inawaka injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), ukikanyaga mafuta taa inazimika. Nikaipeleka kwa huyu fundi, akaishusha sampo (trei ya oili chini ya injini) mbele yangu, akafungua konrodi moja (mkono unaoshika pistoni), akaniwekea beringi mbili kiganjani. Zilikuwa bado na moto wa injini, zimelika mpaka shaba inaonekana, oili inang'aa vumbi la chuma kama rangi ya gari. Akaniambia bosi, ukibadilisha beringi peke yake unarudi hapa baada ya mwezi, hii ni ovahoo kamili, pistoni, ringi, gasketi, kranki (shafti kuu ya injini) ikachongwe. 1,900,000 na ufundi ndani. Nikiwa nimeshika zile beringi mkononi ningebisha nini? Na aliyenipeleka ni shemeji, gari lake lilitengenezwa palepale na linatembea mpaka leo. Tena hakutaka hela yote, alitaka nusu kwanza, halafu kila jioni ananitumia picha, mara bloku iko wazi, mara pistoni mpya ndani ya boksi. Nikamalizia iliyobaki siku ya kuchukua gari, nikampa na ya soda!!

Wiki tatu tu, ngo ngo ngo ileile. Nampigia hapokei, baadaye namba haipatikani.

Fundi mwingine kafungua nikiwa nimesimama pembeni. Beringi ni mpya kweli, ila ni standa, yaani saizi ya kiwandani, na kranki haijaguswa na mashine, shingo ya konrodi ya tatu ina mikwaruzo ukipitisha ukucha unakwama. Kama ingechongwa shingo ingekuwa nyembamba, lazima angeweka beringi nene zaidi, za milimita 0.25 au kuendelea, hiyo hata mtoto wa gereji anajua. Kufungua hedi, gasketi ni ileile ya zamani, pistoni zina masizi ya miaka. Kumbe zile picha ni za injini ya mtu mwingine! Na kinachoniuma zaidi, gari langu halikuwa linatoa moshi wala kula oili, kwa hiyo ringi hazikuonyesha dalili ya tatizo. Kazi yake halali ilikuwa kupima kranki, kuichonga, beringi za saizi yake, basi. Kanitoza kubwa, kafanya ndogo, na hiyo ndogo kaifanya vibaya, sasa kranki imeharibika zaidi.

Mtu kama huyu afungiwe gereji, awekwe ndani, na vifaa vyake viuzwe watu walipwe, maana sidhani niko peke yangu. Ningekuwa natoka na familia usiku injini ikajifunga kwenye mlima je?

Nyie mnaopeleka magari, dai spea zote za zamani, pistoni zikiwemo, mimi alinipa beringi tu nikaridhika. Dai risiti ya aliyechonga kranki. Na picha ionyeshe namba ya injini, za kwangu hakuna hata moja iliyoionyesha.

Ukitaka kumjua nifuate inbox. Karatasi aliyoandika kwa mkono wake ninayo, Jumatatu asubuhi naingia nayo kituoni.