Moto wa kitambaa jukwaani: nimeutumia miezi minane

Kwenye mchezo wetu kuna bibi anayesimulia hadithi kando ya mafiga, na mafiga bila moto ni mawe tu. Zamani tuliwasha kibatari ndani ya kopo, tukakizungushia kuni. Siku moja ya mazoezi pindo la kanga ya mwigizaji likashika. Tulilizima kwa miguu, hakuna aliyeumia, lakini kibatari hakikupanda tena jukwaani.

Nikaenda Kariakoo, nikanunua taa ya moto wa bandia kwa shilingi 65,000. Ni kasha jeusi lenye feni inayopuliza kwenda juu, taa ndogo za LED za rangi ya chungwa, na kitambaa cheupe kinachopeperuka huku kikimulikwa kutoka chini. Muuzaji aliniambia ni hariri. Fundi cherehani wetu alikipapasa mara moja tu, akacheka. Nailoni.

Kilivyotoka dukani kinafanana na bendera ya chama. Nikachukua mkasi, nikakikata ndimi za urefu tofauti, nyembamba na zenye ncha, na hapo kikaanza kucheza kama moto. Kasha nimelificha kwa mafiga na kuni za kweli, ila nimeliinua juu ya vipande viwili vya tofali ili feni ipate hewa. Mara ya kwanza nililiziba kabisa, mota ikapata joto hadi nikasikia harufu.

Bado mtu wa mstari wa mbele alikuwa anaona kitambaa. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba watazamaji hawauangalii sana moto wenyewe, wanaangalia uso wa bibi. Nilijaribu taa ya disko, ukumbi ukageuka harusi. Sasa natumia balbu tatu ndogo sakafuni, mbili za chungwa na moja nyekundu, kila moja inapepesa kwa mwendo wake. Zikipepesa pamoja jicho linagundua papo hapo. Zikipishana, kivuli cha bibi kinatikisika ukutani na watoto wananyamaza. Mlio wa kuni nauweka kwenye spika ndogo nyuma ya mafiga, si kwenye spika kubwa za ukumbi, maana sauti ikitoka darini moto unabaki mapambo. Tena mlio huo unafunika mngurumo wa feni.

Shemeji yangu, fundi umeme, alitaka tuondoe hizo LED tufunge taa kubwa ya halojeni ili miali ionekane zaidi. Nilikataa. Taa ile inachoma, na kitambaa kiko hapo hapo. Tarehe 30 Desemba 1903, huko Chicago, taa ya jukwaani iliwasha pazia katika ukumbi wa Iroquois, uliokuwa ukitangazwa kwamba hauungui, na watu wapatao 600 wakafa. Moto wa bandia nao unaweza kuzaa wa kweli.

Mashine ya moshi tuliazima, tukairudisha. Feni za dari ziliupeleka moshi wote kwa wazee waliokaa nyuma, wakakohoa hadi mapumziko.

Kwa bei ile sijuti. Kwa moto wa mafiga inatosha. Ukitaka nyumba nzima iungue jukwaani, kasha moja ni mchezo wa watoto.

Kasoro iliyobaki ilikuwa yangu: waya. Katikati ya onyesho kijana mmoja alijikwaa kwenye ekstensheni, plagi ikachomoka, na moto wetu ukalala chali kama kitambaa cha kupangusia meza. Ukumbi kimya. Bibi akautazama, akatikisa kichwa: "Kuni mbichi hizi, nani kaniletea?" Watu wakavunjika mbavu. Tangu siku hiyo waya zote nazibandika sakafuni kwa selotepu pana, lakini mstari ule umebaki mchezoni, na mimi ndiye ninayekaa nyuma ya pazia kuzima swichi.