Hafu shafti ya mtumba kwenye Land Rover 110: nimeifunga nyumbani Njiro

Kwa wenzangu wenye 110 za zamani hapa Arusha: hafu shafti ya nyuma (chuma kinachopeleka nguvu kutoka difu, yaani gia za katikati ya ekseli, hadi gurudumu) niliyonunua mtumba iko vizuri, na kuifunga hakukuhitaji gereji. Nimebebea mahindi ya Monduli Juu msimu mzima na haijatoa mlio wowote.

Ya kwanza ilikatikia huko huko Monduli Juu, kwenye matope. Gurudumu lilizunguka bure, ghafla likashika jiwe, tukasikia "tang!" Ukitia gia, injini inanguruma na gari haliondoki. Nikafunga difu loki ya kati, inayofunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, magurudumu ya mbele yakavuta, tukateremka mdogo mdogo hadi Njiro. Najua tumezoea kuambiana tusitembee na loki kwenye lami. Hapa haina neno, kwa sababu ekseli ya nyuma haivuti, kwa hiyo haiwezi kushindana na ya mbele.

Dukani nikaonyeshwa mbili: mpya ya boksi iliyopakwa rangi nyeusi, na mtumba iliyotolewa kwenye gari la kuchinjwa. "Bosi, chukua mpya, achana na chuma chakavu," muuzaji akasema. Nikazilaza zote kaunta pamoja na kipande changu kilichokatika, nikatazama meno ya kwenye ncha. Ya ile mpya yalichongwa ovyo, mengine yana makovu. Ya mtumba yalinyooka, na kingo hazijalika. Ukiona meno yameanza kujipinda kama kamba iliyosokotwa, hata ukipewa bure iache. Na usiende mikono mitupu, beba kipande chako: ya kulia na ya kushoto hazilingani urefu. Bei ya mtumba ilikuwa karibu nusu ya mpya.

Kabla ya kushika spana, weka mawe mbele na nyuma ya matairi. Handibreki ya Land Rover haishiki magurudumu, inashika propela, shafti inayotoka gia boksi kwenda difu, kwa hiyo hafu shafti ikishatoka usiitegemee. Jeki sikuigusa. Uzito wa gari umekaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) na beringi zake, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Unafungua bolti tano za flenji, kile kichwa cha shafti kinachokaa kwenye habu, unagonga kidogo, unavuta, tairi likiwa pale pale chini.

Jasho lilitutoka kwenye kipande kilichobaki ndani ya difu. Fundi jirani yangu alikuja na sumaku ya mpini mrefu, akawa anavua kama mtu wa ziwani, mara kimeshika, mara kimeponyoka, hadi kikakubali. Kilipotoka tuliona ukingo wake una kutu na katikati panang'aa. Ufa ulikuwapo siku nyingi, matope yalimalizia tu.

Oili ya difu tulimwaga yote, na ilitoka na chenga za chuma. Ukiokoa hela ya oili hapo, utanunua difu. Tukajaza namba 90 mpya, tukaweka gasketi mpya (haikuja na shafti, niliinunua pembeni), tukakaza bolti kwa kupishana.

Mwenye Hilux asinifuate kichwa kichwa. Shafti yake ya nyuma inabeba pia uzito wa gari, na beringi yake imeshindiliwa kwa presi, kwa hiyo hiyo ipeleke kwa mwenye mashine.