Kipimo cha AMH baada ya mimba mbili kutoka, huduma niliyoipata

Mimba mbili zimetoka, ya kwanza wiki ya 8 ya pili wiki ya 9, nina miaka 38, basi mwezi uliopita nikaenda kliniki moja ya uzazi hapa Dar kupima AMH, ile homoni inayoonyesha akiba ya mayai.

Kipimo chenyewe ni damu ya mkononi tu, siku yoyote ya mzunguko, na wakaniongezea utrasaundi ya ukeni kuhesabu vifuko vya mayai. Majibu yakaja 0.9, yaani iko chini, nikaanza kulia palepale maana kichwani nilishajiambia ndo maana mimba zinatoka, nimebakiwa na mayai mabovu. Dokta, mama mtu mzima, akavuta kiti akaniambia mwanangu, hiki kinatuambia mayai yamebaki mengi au machache, hakisemi zima lipi bovu lipi. Akachukua karatasi akachora kromosomu, vile vinyuzi vinavyobeba urithi ndani ya seli, 23 za yai na 23 za mbegu ya baba, akafika namba 16 akachora tatu badala ya mbili, akasema hii tunaikuta sana kwenye mimba changa zilizotoka, na kwamba karibu nusu au zaidi ya mimba zinazotoka miezi mitatu ya kwanza zina kasoro ya kromosomu, na yai likishakaa miaka mingi ndo linazidi kukosea kugawanya, kwa hiyo hapo umri una uzito kuliko AMH. Sio ndoo niliyobeba, sio safari ya Tanga, sio maneno ya wifi. Nimebeba ule mzigo mwaka mzima jamani. Ile karatasi niliiomba, ipo kwenye Kurani yangu.

Kilichoniuma ni swali lake, je, mabaki ya mimba ya pili yalipimwa kromosomu? Kule niliposafishwa (sio hapa) waliyatia kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama za mwili, na fomalini inaua seli, maabara haiwezi kuziotesha tena ili isome kromosomu zake. Yalitakiwa yawekwe kwenye saline safi, yale maji ya chumvi ya hospitali, yapelekwe maabara haraka. Hakuna aliyetuambia, sasa hatutajua tena. Kama unaenda kusafishwa na unataka kipimo hicho, mumeo au dada yako aulize KABLA hujaingia chumbani, ukitoka ushachelewa.

Kwenye hii kliniki lawama yangu ni risepsheni, dada aliniita kwa sauti "yule wa mimba kutoka" watu wamejaa kwenye mabenchi, nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwambia dokta, akaenda mwenyewe kumsemesha.

Nawapa nyota 4. Tumeshatoa damu mimi na mume wangu kupima kromosomu zetu, maana dokta anasema kuna wachache wako wazima kabisa ila vipande vya kromosomu vimehamiana. Baba watoto hakuuliza hata swali, alikunja shati akanyoosha mkono. Majibu bado.