Vibonzo vya John Bull Mji Mkongwe: chukua karatasi, fremu waachie

Seti hii ya nakala sita za vibonzo vya Uingereza, nchi ambayo wachoraji huipa sura ya mtu mnene aitwaye John Bull, inauzwa kwenye duka la zawadi Mji Mkongwe, kwa saizi mbili, A4 na A3. Chukua A3. Vibonzo vya enzi zile haviumi kwa sura peke yake. Kinachouma ni maneno yaliyo midomoni mwa watu, kwenye mifuko ya pesa na kwenye makaratasi yaliyotupwa sakafuni. Ni kama kanga: ukikata jina, kinachobaki ni nguo. Kwenye A4 maneno hayo yamekuwa nyayo za sisimizi.

Tazama kibonzo cha George Cruikshank cha 1816 kuhusu kasri la kifalme la Brighton, mji wa pwani ya Uingereza. Mwana wa mfalme, aliyekuwa akimkaimu baba yake tangu 1811, amekaa kitako kama mfalme wa Kichina, tumbo mbele, anamkabidhi karatasi balozi anayekwenda China. Asiyeisoma karatasi ile ataona mtu mnene kavaa kigeni, basi. Kumbe balozi anaagizwa alete mitindo mipya ya kumalizia mapambo ya kasri! Vita na Napoleon vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na mwaka huohuo wa 1816 Bunge lilikataa kuiendeleza kodi ya mapato. Mnunuzi wa London, aliyechoka kulipia gharama, alikielewa mara moja. Mwaka 1820 Cruikshank alilipwa pauni 100 aahidi kutomchora tena mwana huyo, ambaye sasa alikuwa mfalme, katika hali ya aibu, jambo ambalo kijikaratasi cha maelezo cha duka hakikulitaja.

Kijikaratasi hicho kina kosa jingine. Kinasema picha zote ni za karne ya 19, ilhali ile ya James Gillray ya Mfalme George III na mkewe wakitoka Hazina, mifuko imefurika, ni ya 1786.

Bora kuliko zote ni noti ya dhihaka ya 1819, ya Cruikshank na mchapishaji William Hone. Tangu 1797 Benki ya Uingereza ilikuwa imeacha kubadilisha noti kwa dhahabu. Noti za pauni moja zikajaa, kuzighushi kukawa rahisi, na wengi waliokamatwa wakizighushi au kuzitumia wakanyongwa. Kwa hiyo noti hii ina safu ya watu wananing'inia, alama ya pauni iliyosukwa kwa kamba, na saini ya J. Ketch, jina la mnyongaji. Kwa kuwa ni nyeusi tupu, printa haikuiharibu.

Zile za rangi zimeiva mno, nyuso zimekuwa nyekundu kama shokishoki. Za asili zilichongwa kwenye bamba la shaba lililopakwa nta, zikaliwa na tindikali, zikagandamizwa kwenye karatasi mbichi, kisha zikapakwa rangi za maji kwa mkono. Isiyo na rangi iliuzwa shilingi moja, yenye rangi shilingi mbili. Mgandamizo ule huacha bonde jembamba kuizunguka picha. Kwenye nakala hizi ukipitisha kidole hakuna kitu, na kwa lenzi unaona vitone. Nakala si dhambi, ila bahasha isingeandikwa “chapa za shaba”.

Fremu za duka ziache. Kioo kimelala juu ya karatasi, na mgongo ni kadibodi iliyobandikwa gundi. Masika ikiingia, unyevu hunasa katikati, karatasi hushikana na kioo na ukungu huanza pembeni. Mpelekee seremala wako. Mwambie aweke kingo ya kadibodi isiyo na asidi, angalau milimita 3 kati ya kioo na picha, na nyuma azibe kwa utepe wa karatasi. Kuta zetu za mawe na chokaa hutoa jasho, kwa hiyo gundisha vipande vya kizibo kwenye pembe za chini ili hewa ipite nyuma. Usitundike ukuta unaopigwa na jua la mchana.

Noti ya 1819 wanaiuza pia peke yake. Waambie wasiikunje, waizungushe ndani ya bomba.